Mbwa aliyeachwa: je, parsele yako inamuweza?

Kila mara watu wanakimbia, mbwa wanabaki. Tuliona hivyo Mei 2021. Usiku wa tarehe 22 Nyiragongo ilipasuka, na siku tano kisha, tarehe 27, wakubwa wa jimbo waliomba wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma wahame. Watu walienda Sake, Minova, Rutshuru, wengine wakavuka Gisenyi, mutoto ku mugongo, godoro ku kichwa. Nani angepata nafasi ya mbwa juu ya pikipiki? Tuliona tena Januari 2025, wakati vita ilifika muji. Kuko nyumba zilifungwa na kufuli, mbwa wa ulinzi akabaki ndani na zamu, kisha zamu naye akaenda kutafuta watoto wake.

Mbwa kama huyo hakai mwezi muzima mbele ya mulango uliofungwa. Njaa inamutoa. Anatembea avenue kwa avenue, na mwisho anachagua mulango. Unaamuka asubuhi kwenda kuteka maji, unamukuta amelala ku mulango wako, mbavu zinahesabika, anakuangalia. Na watoto tayari wamemupa jina.

Makala hii ni juu ya asubuhi hiyo. Wengi kati yetu, tukikuta mbwa wa kuokota, tunaangalia mbwa mwenyewe: ni mukubwa, manyoya ni mazuri, anabweka, basi atalinda. Mimi pia niliangalia mbwa. Siku hizi ninaangalia parsele kwanza.

Nieleze sababu. Juni 2021, kisha watu kurudi kutoka Sake, jike moja mwekundu, sikio la kushoto limekatika, alikuja kwetu na akakataa kuondoka. Alikuwa mupole. Alikuwa anafuata bibi yangu mpaka ku robine na kurudi naye. Tulikuwa tunaikaa familia tatu ndani ya parsele moja, choo moja, robine moja, watoto kumi na moja kwa jumla. Sikuomba mutu yeyote ruhusa. Niliwaza kama kila mutu atafurahi kuwa na mulinzi wa bure. Na chanjo? Nilisema nitamupeleka kwa veterineri mwisho wa mwezi, mushahara ukiingia.

Mushahara ulichelewa. Juma ya tatu, mutoto wa jirani, miaka sita, alipita nyuma ya jiko wakati mbwa alikuwa anakula kichwa cha samaki. Mutoto akachuchumaa amupapase. Mbwa akamuuma ku mukono, meno manne yakaingia. Mbwa hakuwa na wazimu. Alikuwa mbwa aliyejua njaa, na mutu mufupi alimukaribia ku sahani. Lakini sisi hatukuweza kujua hiyo siku ile. Tulichojua ni kwamba hana chanjo, hatujui alikotoka, na mama ya mutoto alikuwa anatuangalia bila kusema neno.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Walitufunga kidonda na kutuambia tutafute ngambo ingine. Tuliipata saa kumi na moja jioni, hospitali ya pili. Nililipa mimi, na ilikuwa haki. Nitarudia habari ya chanjo mbele, sababu ndiyo sehemu ambayo inaua watu.

Parsele kwanza, basi. Simama katikati yake na uhesabu. Familia ngapi? Watoto wangapi wa chini ya miaka saba? Wale ndio wanakimbia, wanapiga kelele, wanaanguka, wanaingiza vidole ku macho ya mbwa, na uso wao uko sawasawa na urefu wa mudomo yake. Mbwa aliyekulia na watoto anaweza kuvumilia hiyo yote. Mbwa aliyefundishwa kulinda nyumba ya shirika, ambaye hakuwahi kuona mutoto ila kwa kupitia uzio, anaweza kuona mutoto anayekimbia kama kitu cha kufukuza. Wewe hujui ni yupi kati ya hawa wawili.

Kiisha angalia njia. Watu wanapita wapi kwenda chooni, ku robine, ku jiko? Mbwa analinda kila kitu anachohesabu kuwa chake: sahani, mahali pa kulala, wakati mwingine mama anayemupa chakula. Kama kona pekee unayoweza kumupa iko kando ya njia ya choo, kila mutu atapita kando ya sahani yake mara tano kwa siku, na usiku bila tochi. Kwetu ilikuwa hivyo sawasawa. Nyuma ya jiko ndiyo ilikuwa njia, na mimi ndiye nilimuwekea sahani pale.

Kama unauzisha kitu ku mulango, makala, mandazi, mayunite, ao uko na fundi wa kushona barazani, fikiri mara mbili. Wateja wanaingia na kutoka siku nzima. Kama ni kwako wanafanyia maombi ya katikati ya juma, ujue kwamba mbwa hatofautishi mwizi na mwanakwaya, wote wanakuja giza limeingia.

Na uombe ruhusa. Mwenye nyumba kwanza, kama umepanga, juu anaweza kukuambia umuondoe siku umekwisha kumuzoea, na hapo mbwa anaachwa mara ya pili. Kisha majirani wa ndani ya parsele, mumoja mumoja, wababa na wamama. Jirani mumoja akikataa, ni hapana. Wengine wanaogopa mbwa tangu utoto na hawataki kueleza. Wengine ni sababu ya dini: katika familia za Waislamu, na kule Maniema, Kindu ao Kasongo, wako wengi, mate ya mbwa yanahesabiwa kuwa najisi na nguo inapashwa kufuliwa mbele ya sala, hata kama mbwa wa kulinda ao wa kuwinda anakubaliwa inje ya nyumba. Kama kamba ya nguo za jirani inapita mbele ya mahali mbwa analala, hiyo ni matata ya kila siku, na si ya kuchekea.

Uzio unategemea muji. Hapa Goma tuko juu ya mawe ya volkano. Mbwa hawezi kuchimba chini ya uzio, na hiyo ni faida kubwa. Lakini uzio wetu mingi ni mbao zilizopigiliwa misumari, na mvua inazikunja. Sheria ni nyepesi: pale kichwa cha mbwa kinapita, mwili utapita. Bukavu ni shida ya namna ingine. Bulongo inachimbika, tena nyumba zimepandana juu ya mulima, parsele ya jirani wa juu inafika ku mabati ya jirani wa chini. Mbwa wa juu anaruka, anatembea ku mabati yako saa nane ya usiku, na mutoto wako haamini tena kama ni mbwa. Uvira ni joto. Mbwa aliyefungwa mahali pasipo kivuli, bila maji, anaweza kufa kwa siku moja ya jua kali. Na kama unaikaa mahali pa mifugo, Masisi ao Rutshuru, jua mapema kama mbwa huyo anafukuza mbuzi na ndama. Akianza, wachungaji hawatakuja kukuuliza ushauri.

Kwa watu wa Goma na wa njia ya Sake kuko tena kitu ambacho watu wa kwingine hawana: mazuku. Ile hewa mubaya, gazi karboniki, inatoka ndani ya ardhi ya volkano, na sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inashuka na kujikusanya mu mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Haionekani, haina harufu. Mutu muzima anayesimama anaweza kuwa kichwa chake kiko juu yake na asisikie kitu, na mbwa aliyelala hapo chini, pua ku ardhi, akafa. Mbuzi na kuku wanakufa hivyo, na watoto pia. Kama ku parsele yako kuko shimo ao kona ya chini ambapo uliwahi kukuta ndege ao panya wamekufa bila kidonda, usifunge mbwa hapo hata usiku mumoja. Tena ukikuta mbwa ameanguka ndani ya shimo kama hilo, usishuke kumutoa. Kuko watu waliokufa kwa kufuata mwenzao tu.

Tufike sasa ku munyororo, juu najua wengi wanasema: nitamufunga muchana, nitamufungua usiku. Kwa saa chache ni sawa, wakati wageni wako. Lakini mbwa aliyefungwa mahali pamoja kila siku, kutoka asubuhi mpaka usiku, anakuwa mukali zaidi. Hawezi kukimbia akiogopa, basi kitu kinachobaki kwake ni kuuma. Mutoto anajua urefu wa munyororo leo, kesho anasahau. Kama njia moja tu ya kukaa na mbwa huyo ni kumufunga daima, parsele yako imekwisha kujibu.

Chakula hakiniogopeshi sana, lakini kihesabu. Mbwa wa katikati, wa kilo kumi na tano, anaomba sahani mbili za kweli kwa siku: bugali, kidogo ya sambaza ao maini, maboga. Mabaki ya mezani yanafaa nusu tu. Kitunguu ni sumu kwake, hata kile kilichopikwa ndani ya mchuzi, na mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano na kutoboa matumbo. Maji ni karibu litri moja kwa siku, zaidi kama kuko joto. Ku nyumba ambayo watoto wanapanga mustari wa bidoni saa kumi ya asubuhi, hiyo litri moja iko na mutu anayeibeba. Na kama watoto wenyewe wanalala wakati mwingine na njaa, sema hapana bila haya. Mbwa asiyeshiba atatafuta ku jalala, ku kuku wa jirani, na mwisho atakula kitu ambacho mutu ameweka na sumu.

Jike anaingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, madume wa kartie nzima watalala ku mulango wako, na kisha miezi miwili unakuwa na watoto wa mbwa sita ao saba. Uliza veterineri kama anaweza kumufunga uzazi. Kama hawezi, hesabu wale saba tangu leo.

Swali lingine linauma, lakini sisi wa hapa hatuwezi kuliruka. Kama kesho tunakimbia tena, huyu anaenda na nani? Mutu anayejibu kwamba ataona wakati huo, basi atafanya sawa na yule aliyemuacha wa kwanza. Simutupii yule mawe. Sote tulikimbia. Lakini kuwa na kamba tayari, kujua nani atamushika, kujua jamaa gani wa kijijini anaweza kumupokea, hiyo ni kazi ya dakika kumi unayoweza kufanya wakati kuko utulivu.

Parsele ikikubali, sasa ndio unaangalia mbwa.

Usimuingize siku ya kwanza. Mupe chakula inje, mahali pamoja, saa moja kila siku, na umuangalie siku nne ao tano. Usimufuate, muache akukaribie. Usiiname juu ya kichwa chake, usimuangalie macho kwa macho. Angalia anafanya nini pikipiki ikipita, kama anainua kichwa tu ao anairukia. Mbwa anayefukuza mapikipiki ataangusha motari na abiria wake, na hiyo tabia inachelewa sana kutoka. Angalia akiona mama mwenye beseni ku kichwa, mutu mwenye koti ya mvua, mutu mwenye silaha. Mbwa waliopita katika risasi wengine wanatetemeka radi ikipiga, wanakojoa, wanajificha chini ya kitanda na kuuma mukono unaokuja kuwatoa. Hiyo haimaanishi ni mubaya. Inamaanisha anaomba nyumba ya kimya, na kartie yako labda haina kimya.

Mukia unaotikisika si furaha kila mara. Kama mwili wote unalegea na kujikunja, ni vizuri. Kama mukia uko juu, mugumu, unatikisika haraka, na mwili umesimama kama ubao, rudi nyuma polepole. Midomo ikiinuka, weupe wa macho ukionekana ku kona, akiganda juu ya sahani: hapo anakuambia. Yule jike wetu alikuwa anaganda juu ya sahani tangu siku ya kwanza. Niliona, na nilicheka.

Kama kuko kuku, sungura ao simbilisi nyumbani, muache awaone kupitia waya, na umushike na kamba. Mbwa aliyeishi miezi mitatu mu barabara ameishi kwa kukamata vitu vidogo.

Sasa raji, ugonjwa ambao vitabu vinaita kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba unaua watu karibu 59 000 kila mwaka ulimwenguni, karibu wote Afrika na Azia, na katika visa 99 kwa mia ni mbwa ndiye aliambukiza mutu. Kati ya watu wanaoumwa na munyama anayeshukiwa, 40 kwa mia ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kuanza kwa mutu, anakufa, karibu bila kukosa. Na wakati huohuo ni ugonjwa ambao unazuiliwa vizuri kabisa kama unafika mapema. Tangu Julai 1885, wakati Louis Pasteur alimuchanja mutoto Joseph Meister wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, watu wanajua kuuzuia.

Kwa mbwa wa kuokota jambo gumu ni hili: anaweza kubeba ugonjwa na kuonekana muzima. Unajificha ndani yake juma kadhaa, hata miezi, mbele ya kutokea. Kumuchanja leo kunamulinda kwa ugonjwa wa kesho, lakini hakufuti ule ambao alipata mwezi uliopita. Kwa hiyo chanjo ni ya lazima, ku veterineri wa ofisi ya uvuvi na ufugaji ao wa kipekee, kuanzia miezi mitatu ya umri, na kurudia kila mwaka kama veterineri atakavyoandika. Omba kadi na uitunze pamoja na karatasi za watoto. Lakini hata na kadi, miezi ya kwanza watoto wasicheze naye peke yao, na kila badiliko ya tabia lihesabiwe. Mbwa mupole anayekuwa mukali bila sababu. Ao kinyume, mbwa mukali anayekuwa mupole sana, anajificha, anatembea kama mulevi. Mate yanatiririka, taya inaning'inia, anashindwa kumeza. Watu mingi wanawaza kama mufupa umemukaba na wanaingiza mukono ndani ya mudomo kuutoa. Usiingize mukono. Mufungie mahali na umuite veterineri.

Na akiuma mutu? Maji na sabuni, mara moja, dakika kumi na tano za saa. Ni ndefu kuliko unavyowaza, mutoto atalia, endelea. Sabuni ya kufulia inafaa. Kiisha dawa ya iyode ao alkoli kama iko. Usipake makala, usipake pilipili, usichome manyoya ya mbwa kuweka ku kidonda, usipoteze asubuhi kwa kutafuta jiwe nyeusi. Nenda hospitali siku ileile, na kama kituo cha kwanza hakina chanjo, nenda cha pili, nenda cha tatu. Sindano za mukono zinapangwa mara nyingi siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne kisha kuanza. Munganga ndiye anapanga, na kama vidonda ni virefu anaweza kuongeza serumu ndani ya kidonda. Uliza pia juu ya pepopunda. Kama siku zimepita na hukwenda, nenda leo. Bado inasaidia maadamu dalili hazijaanza.

Mbwa mwenyewe, kama anaweza kushikwa bila hatari, usimuue hapohapo. Mufungie siku kumi. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliuma ataonyesha dalili ao atakufa ndani ya siku hizo kumi. Akibaki muzima, hakuambukiza kwa meno yale. Lakini sindano hazingoji zile siku kumi. Zinaanza, na munganga ataona kama anazisimamisha. Sisi tulihesabu zile siku kumi ndani ya parsele ya familia tatu ambayo watu hawakuwa wanasalimiana tena. Kila asubuhi mama ya mutoto alikuwa anakuja kuangalia mbwa mbele ya kuwasha moto. Siku ya kumi na moja mbwa alikula, akajinyoosha, akalala. Yule mama akaikaa chini ku jiwe na akalia, na ni siku hiyo nilimuomba radhi.

Juu ya pesa ya matunzo kuko sheria, na ni ya zamani: dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni, ambayo bado inatumika katika inchi yetu. Inasema mwenye munyama, ao yule anayemutumia wakati huo, ndiye anajibu kwa hasara ambayo munyama ameleta, hata kama munyama alipotea ao alitoroka. Kusema ku shefu wa avenue kwamba mbwa si wako, ulimuokota tu, haikuokoi kama yeye analala kwako na kulinda mulango wako.

Lakini dekreti hiyohiyo inakumbusha kitu kingine: mbwa huyu labda yuko na mwenyewe. Mbele ya kumubadilisha jina, ulizia. Julisha shefu wa avenue na nyumba kumi, ulizia mazamu, wao wanajua mbwa wote wa kartie. Piga picha, leta tangazo ku redio. Watu wanaorudi kutoka kambi ama ngambo ya mupaka wanatafuta pia mbwa wao, na nimeona mutu muzima analia ku mulango wetu wa redio juu ya mbwa.

Yule jike mwekundu hakuuawa. Shangazi yangu ana shamba kando ya Kibumba, watoto wake wote wamekomaa, mulango uko mbali na njia. Alimuchukua kisha chanjo. Anamupa sahani yake ndani ya kiriba cha viazi, peke yake, mulango umefungwa nusu. Miaka hii yote hajauma mutu. Mbwa ni uleule, meno ni yaleyale. Yule mutoto sasa ana miaka kumi, alama nne ndogo ku mukono, na bado akiona mbwa anavuka barabara.

Kisha, Februari 2025, mwingine akalala ku mulango wetu. Dume mweusi, kamba ya ngozi ku shingo, mbwa wa nyumba ya watu wenye mali. Watoto walinizunguka. Mimi nilihesabu: tuko bado familia tatu, watoto sasa ni tisa, njia ya choo haijahama. Nikasema hapana. Nilimupa chakula inje siku nne, nikamuambia shefu, tukatoa tangazo. Mwisho wa avenue kuko mama anayeuzisha makala. Anaikaa peke yake ndani ya uzio wa mabati, hana wajukuu hapa, na wezi walikuwa wanamubebea magunia usiku. Muchana anauzishia inje, ku barabara. Alikuja kumuangalia mara tatu mbele ya kukubali. Veterineri alimuchanja palepale, na yule mama ndiye alilipa, bila kungoja mwisho wa mwezi.

Mwenyewe alitelefoni Juni. Yuko Bujumbura, hawezi kurudi sasa, aliomba tu picha. Alisema mbwa anaitwa Simba. Sisi tulikuwa tunamuita Makala. Anaitika yote mawili.